Nchi Iliyohesabiwa Vichwa: Uayalandi, Ubritania na hatima ya Ayalandi Kaskazini

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na wanafunzi wa historia, ikahaririwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, wageni waalikwa na wanafunzi wote: wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni.

Niliombwa nizungumzie Ayalandi Kaskazini, ile sehemu ya kisiwa cha Ayalandi iliyobaki chini ya dola ya Uingereza, nami naomba ruhusa nianzie Kongo. Mwaka 1903 konseli wa Uingereza aliyekuwa na ofisi yake Boma, kwa jina Roger Casement, alipanda mto Kongo kwenda kuchunguza habari zilizokuwa zikivuja kutoka kwenye misitu ya mpira. Ripoti yake, iliyochapishwa mwaka 1904, iliwaeleza walimwengu jinsi wanakijiji walivyochapwa, wake zao walivyoshikwa mateka, na mikono ya watu ilivyokatwa ili Mfalme Leopold wa Pili apate mpira wake, na ni mojawapo ya sababu zilizomfanya Leopold aipoteze ile milki yake binafsi mwaka 1908. Kwa kazi hiyo, na nyingine ya namna hiyo aliyoifanya Amerika ya Kusini, Casement alipewa cheo cha heshima na mfalme wa Uingereza mwaka 1911. Miaka mitano baadaye, tarehe 3 Agosti 1916, dola hiyohiyo ilimnyonga katika gereza la Pentonville, London, kwa kosa la uhaini, kwa kuwa alikuwa amekwenda Ujerumani kutafuta silaha za kuikomboa Ayalandi.

Casement alizaliwa karibu na Dublin, akalelewa kama Mprotestanti, akasomea Ballymena katika kaunti ya Antrim, kaskazini kabisa mwa kisiwa. Kwa kila kipimo cha wakati wake angepaswa kuwa mtumishi mwaminifu wa Taji. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba katika misitu ile ya Kongo, alikomgundua Leopold, ndiko alikojigundua na yeye kuwa Mwayalandi asiyerekebishika. Mpinzani mkubwa wa njozi yake alikuwa Edward Carson, wakili hodari, mzaliwa wa Dublin penyewe, aliyewaongoza Waprotestanti wa kaskazini kuukataa utawala wowote utakaotoka Dublin. Leo Carson, mtoto wa Dublin, amelala ndani ya kanisa kuu la Mtakatifu Anne mjini Belfast. Casement, aliyekulia Antrim na aliyeomba azikwe Antrim kwenye ghuba ya Murlough, amelala Dublin, kwa sababu serikali ya London ilipokubali mwaka 1965 kuitoa mifupa yake ilitoa sharti kwamba isivushwe kupelekwa kaskazini.

Makaburi hayo mawili yamebeba hoja yangu yote. Mpaka unaoigawa Ayalandi haukufuata mto wala mlima, haukufuata lugha, wala haukufuata mahali watu walipozaliwa. Ulifuata hesabu ya watu wanaojiita jina hili na watu wanaojiita jina lile, na tangu siku ulipochorwa kila mtoto anayezaliwa kaskazini huingizwa katika hesabu hiyo kabla hajajua kutamka jina lake. Swali la "wewe ni nani" na swali la "nchi hii ni ya nani" yakafungwa fundo moja. Nitajaribu kueleza fundo hilo lilifungwaje, lililegezwaje mwaka 1998, na kwa nini siku hizi linaonekana kukazwa upya.

Kabla sijaendelea, niseme neno juu ya lugha yetu, maana hapa Kiswahili kinatutega. Sisi tunamwita Mwingereza mtu yeyote aliye raia wa dola ya Uingereza, awe ametoka London, Glasgow au Cardiff. Huko kaskazini kosa hilo ni kubwa. Mtu wa Belfast anayeipenda bendera ya Malkia au ya Mfalme hatakubali kuitwa Mwingereza, kwa kuwa mababu zake aghalabu walitoka Uskoti na yeye hajapata kuishi Uingereza penyewe. Anachokidai ni Ubritania, yaani kuwa mmoja wa watu wa Taji lile na Bunge lile. Kwa hiyo jioni hii nitasema Wabritania ninapozungumzia utambulisho, na Uingereza ninapozungumzia dola. Wanaotaka kubaki na dola hiyo nitawaita wana-Muungano, na wanaotaka kisiwa kizima kiwe jamhuri moja nitawaita wazalendo, kama wanavyojiita. Wasikilizaji kutoka Tanzania wavumilie kidogo: Muungano huu siyo ule.

Mbegu zilipandwa mapema. Baada ya machifu wakubwa wa Ulster, mkoa wa kaskazini mwa kisiwa, kukimbilia bara la Ulaya mwaka 1607, Mfalme James wa Kwanza alizitwaa ardhi zao na kuanzia mwaka 1609 akazigawa kwa walowezi wa Kiprotestanti kutoka Uskoti na Uingereza. Vyama vya wafanyabiashara wa London vilipewa mji wa Derry pamoja na ardhi ya kuuzunguka, na mwaka 1613 jina la London likabandikwa mbele ya jina la mji. Hadi leo mzalendo husema Derry na mwana-Muungano husema Londonderry, na watangazaji waangalifu huyatamka yote mawili yakitenganishwa na mkwaju. Ushindi wa Mfalme William, Mprotestanti, kwenye mto Boyne mwaka 1690, unaoadhimishwa kwa maandamano kila tarehe 12 Julai, uliwapa walowezi hao kumbukumbu yao kuu, na wenyeji Wakatoliki wakabaki chini ya sheria zilizowanyima ardhi na madaraka.

Hata hivyo tusiharakishe kusema kwamba dini ilikwisha kuamua kila kitu. Mwaka 1791 waliokusanyika Belfast kuanzisha umoja wa Waayalandi wa dini zote walikuwa kwa sehemu kubwa Wapresibiteri, yaani Waprotestanti wenye asili ya Uskoti, na Henry Joy McCracken, aliyenyongwa katikati ya mji huo mwaka 1798 kwa kuasi Taji, alikuwa mmoja wao. Wajukuu wa Wapresibiteri hao ndio waliokuja kuwa ukuta wa Muungano na Uingereza. Kwa kipindi cha karne moja tu, jamii ile ilihama kutoka uasi hadi utiifu, na mambo mengi yalichangia: viwanda vya kitani na vya meli vya Belfast vilivyotegemea masoko ya himaya, mapato ya Muungano uliotangazwa mwaka 1801, na hofu ya kumezwa na Wakatoliki walio wengi mara tu walipoanza kupata haki za kisiasa mwaka 1829. Upande wa pili ulikuwa na kumbukumbu yake. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine milioni moja ng'ambo, na walionusurika hawakuweza tena kuamini kwamba Bunge la London ni bunge lao.

Sasa tufike mahali ambapo fundo lilifungwa. Mwaka 1912 serikali ya London ilipeleka bungeni, kwa mara ya tatu, muswada wa kuipa Ayalandi bunge lake la ndani. Tarehe 28 Septemba mwaka huo Carson alikuwa wa kwanza kutia saini ahadi nzito katika ukumbi wa manispaa ya Belfast, ahadi ya kulipinga bunge hilo kwa njia yoyote itakayoonekana kuwa ya lazima. Wanaume 237,368 waliisaini, na wanawake 234,046 wakasaini tamko lao lililokwenda sambamba nayo. Aprili 1914 bunduki kwa maelfu zilishushwa usiku katika bandari ya Larne. Watu waliokuwa tayari kupigana na serikali ya Mfalme ili wabaki kuwa raia wa Mfalme: nakiri kwamba nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza niliona ni kichekesho, lakini nilikuwa sijaelewa bado. Kwao Ubritania ulikuwa agano lenye pande mbili, na aliyelivunja kwanza, kwa maoni yao, alikuwa serikali.

Vita Kuu vilisimamisha kila kitu, kisha vikabadilisha kila kitu. Uasi wa Pasaka wa mwaka 1916 mjini Dublin dhidi ya Uingereza na kupigwa risasi kwa viongozi wake viliwageuza Waayalandi wengi, na katika uchaguzi wa Desemba 1918 chama cha Sinn Féin, kilichotaka jamhuri kamili, kilipata viti 73 kati ya 105 vya kisiwa. London ikaona hakuna njia ila kukigawa kisiwa. Lakini kukigawa wapi?

Hapa ndipo kuhesabu vichwa kulipoanza kwa dhati. Mkoa wa kihistoria wa Ulster una kaunti tisa. Mwaka 1911 Wakatoliki walikuwa takriban asilimia 44 ya watu wa kaunti hizo, na wingi wa Waprotestanti ulikuwa mwembamba kiasi kwamba vizazi viwili vya uzazi vingeweza kuupindua. Kaunti zenye wingi wa wazi wa Waprotestanti zilikuwa nne tu, nazo zilikuwa ndogo mno kuwa nchi. Kaunti sita ndizo zilizopatikana kwenye mizani: Antrim, Down, Armagh, Londonderry, Tyrone na Fermanagh, ambamo Waprotestanti walikuwa karibu theluthi mbili, ingawa mbili za mwisho zilikuwa na Wakatoliki wengi zaidi. Cavan, Monaghan na Donegal zikaachwa. Waprotestanti wa kaunti hizo tatu walikuwa wamesaini ile ahadi ya mwaka 1912 kama wenzao, na mwaka 1920 wenzao haohao wakapiga kura ya kuwaacha nje. Vitabu vingi huwapitia kwa sentensi moja. Mimi naona ndio mashahidi bora wa hoja yangu, kwa maana waliachwa wakiwa na utambulisho uleule, dini ileile na saini ileile, ila hesabu yao haikufaa.

Sheria ya mwaka 1920 ya kukigawa kisiwa ilianza kufanya kazi tarehe 3 Mei 1921, na tarehe 22 Juni Mfalme George wa Tano akalifungua bunge jipya mjini Belfast. Katika uchaguzi wa kwanza wana-Muungano walipata viti 40 kati ya 52. Tume ya kurekebisha mpaka ilikutana, ripoti yake ikavuja magazetini mwaka 1925, na mambo yakaachwa kama yalivyokuwa.

Nchi iliyotengenezwa kwa hesabu haina budi kuilinda hesabu yake. Uwakilishi wa uwiano, yaani kugawa viti kulingana na wingi wa kura, uliondolewa katika chaguzi za mitaa mwaka 1922 na katika uchaguzi wa bunge mwaka 1929. Mwaka 1934 waziri mkuu James Craig alijisifu bungeni kwamba wao walikuwa bunge la Kiprotestanti na dola ya Kiprotestanti. Upande wa kusini, uliokwisha kuwa na serikali yake Dublin, nao haukusaidia: katiba ya mwaka 1937 ilidai kwamba ardhi ya taifa ni kisiwa kizima, na papo hapo ikalipa Kanisa Katoliki nafasi ya pekee, nafasi ambayo haikufutwa mpaka mwaka 1972. Mprotestanti wa Belfast aliyekuwa akijiuliza kama atakaribishwa katika Ayalandi moja alipewa jibu kwa maandishi.

Naomba tukae kidogo Derry, kwa kuwa hapo mitambo yote inaonekana ikiwa imefunguliwa. Takwimu ziliwekwa wazi na tume rasmi ya uchunguzi mwaka 1969. Mwaka 1967 mji huo ulikuwa na wapiga kura Wakatoliki 14,429 na wengine 8,781. Baraza lake la manispaa lilikuwa na madiwani 12 wa wana-Muungano na 8 wa upande wa pili. Kata zilikuwa tatu. Katika kata ya kusini walirundikwa Wakatoliki 10,047 pamoja na wengine 1,138, wakapewa viti vinane. Kata ya kaskazini, yenye wengine 3,946 dhidi ya Wakatoliki 2,530, nayo ikapewa vinane. Ng'ambo ya mto wengine 3,697 waliwashinda Wakatoliki 1,852 na kuchukua vinne. Hakuna sanduku lililoibwa wala kura iliyochomwa. Mistari ya ramani ilifanya kazi yote mchana kweupe.

Mtambo huo ulikuwa na parafujo nyingine. Katika chaguzi za mitaa aliyekuwa na haki ya kupiga kura ni mwenye nyumba au mpangaji halali pamoja na mwenzi wake wa ndoa. Kijana aliyeishi kwa wazazi hakuwa na kura, na aliyepanga chumba kimoja vilevile, huku kampuni ikiruhusiwa kuteua wapiga kura wa ziada. Kwa hiyo baraza lililogawa nyumba liligawa kura, na diwani aliyempa nyumba mtu wa upande wa pili alikuwa anajichimbia. Ndiyo maana cheche iliruka kijijini Caledon, kaunti ya Tyrone, mwezi Juni 1968, pale nyumba ya umma ilipopewa msichana Mprotestanti wa miaka 19 asiye na familia huku familia za Kikatoliki zenye watoto zikingoja, na mbunge Austin Currie akaingia ndani ya nyumba hiyo na kujifungia mpaka alipotolewa na polisi. Miezi minne baadaye waandamanaji walikuwa barabarani Derry wakidai mtu mmoja kura moja. Kauli hiyo tunaijua vizuri. Walioitoa Afrika walikuwa wanadai nchi yao. Walioitoa Derry, wakati ule, walikuwa wanadai tu watendewe kama raia wengine wa Uingereza, na hilo ni jambo la kutafakari, kwa kuwa kama wangesikilizwa huenda wengi wao wangeendelea kuishi na bendera wasiyoipenda.

Hawakusikilizwa upesi. Jeshi liliingizwa mitaani Agosti 1969, watu wakaanza kuwekwa kizuizini bila kesi Agosti 1971, na tarehe 30 Januari 1972 askari wakawaua kwa risasi waandamanaji 13 mjini Derry, na wa 14 akafa baadaye. Serikali iliomba radhi bungeni miaka 38 baada ya siku hiyo. Jeshi la siri la IRA lililopigania Ayalandi moja, wanamgambo waliojitangaza kuwa watiifu kwa Taji, na vyombo vya dola waliendesha vita vilivyoua watu zaidi ya 3,500 kwa muda wa miaka 30. Sitavisimulia. Vina vitabu vyake, na kila familia ya huko ina simulizi lake. Mimi nafuata uzi wa hadhi ya nchi, na uzi huo ulipita mahali ambapo wengi hawapatazami.

Mwaka 1949, Ayalandi ya kusini ilipojitangaza kuwa jamhuri kamili, London ilitunga sheria kwamba kaskazini haitaondoka katika dola bila ridhaa ya bunge la kaskazini. Angalieni nani alishika ufunguo: bunge, lile lile ambalo wana-Muungano walilishika tangu lilipofunguliwa. Bunge hilo likasimamishwa mwaka 1972, na mwaka 1973 sheria mpya ikauhamisha ufunguo kutoka kwa bunge hadi kwa wananchi wenyewe, kwa kura ya maoni. Kura ya kwanza ilikuwa imekwisha kupigwa, tarehe 8 Machi mwaka huohuo. Asilimia 98.9 walitaka kubaki na Uingereza. Waliojitokeza ni asilimia 58.7, maana wazalendo walisusa. Kura hiyo haikuthibitisha chochote ambacho hakikujulikana, ila kanuni ilibaki, na kanuni mara nyingi huishi zaidi ya matokeo.

Aliyeigeuza kanuni hiyo kuwa falsafa alikuwa John Hume, mwalimu wa shule kutoka Derry. Wazalendo wa zamani walisema kisiwa kimegawanywa na lazima kiunganishwe. Hume akawaambia kwamba waliogawanyika ni watu, na mtu haunganishwi kwa nguvu kama kipande cha ardhi. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kwa fikra hiyo kupenya. Mwaka 1985 London ilikubali kwa mkataba kwamba Dublin ina haki ya kutoa maoni juu ya kaskazini. Mwaka 1993 ilitamka kwamba haina maslahi yake ya kichoyo, ya kimkakati wala ya kiuchumi, katika kuishikilia kaskazini, kauli ambayo sidhani kuna dola nyingine iliyowahi kuitoa kuhusu sehemu yake yenyewe. Silaha za IRA zilinyamaza tarehe 31 Agosti 1994, na tarehe 10 Aprili 1998, siku ya Ijumaa Kuu, makubaliano yakafikiwa Belfast.

Watu wengi huyasifu makubaliano yale kwa sababu yalileta amani. Mimi nayastaajabia kwa sababu ya kifungu kimoja, kinachosema kwamba ni haki ya kuzaliwa ya watu wote wa Ayalandi Kaskazini kujitambulisha na kukubaliwa kuwa Waayalandi, au Wabritania, au yote mawili, watakavyochagua wenyewe, na kwamba haki hiyo pamoja na haki ya kushika uraia wa nchi zote mbili haitabadilika hata hadhi ya nchi ikibadilika. Lile fundo la mwaka 1920 lililegezwa kwa sentensi hiyo. Unaweza kuwa Mwayalandi ndani ya Uingereza. Kesho unaweza kuwa Mbritania ndani ya Jamhuri ya Ayalandi. Bendera ikibadilika, wewe hubadiliki. Dublin nayo ikafuta dai lake la ardhi katika katiba, na mahali pake ikaandika kwamba taifa la Ayalandi ni watu wanaozaliwa kisiwani. Wapiga kura wa kaskazini waliyakubali makubaliano kwa asilimia 71.1, na wa kusini waliridhia kwa asilimia 94.4.

Lakini sentensi nzuri ikishaandikwa, makarani huingia kazini. Bunge jipya la Belfast lilidai kila mbunge ajiandikishe kuwa mwana-Muungano, mzalendo, au mwingine, na maamuzi makubwa yakahitaji wingi wa kambi mbili za kwanza. Wa kambi ya "wengine" wana kiti, wana mshahara, ila katika kura hizo uzito wao ni mdogo. Waziri Kiongozi na Naibu wake lazima watoke kambi tofauti na wana mamlaka sawa, hivyo mmoja akijiuzulu mwingine naye huanguka. Wakenya wataukumbuka ule mkate wao wa nusu kwa nusu. Huu wa Belfast umeandikwa katika sheria na hauna tarehe ya kwisha. Uliwaketisha Ian Paisley, kiongozi mkali wa wana-Muungano, na Martin McGuinness, aliyewahi kuwa kamanda wa IRA, meza moja mwaka 2007, jambo ambalo hakuna aliyelitabiri, na umewahi pia kulifunga bunge kwa miaka mizima.

Mimi mwenyewe niliwahi kukaa Belfast nikisoma. Nilipoomba kazi ya vibarua nilikuta katika fomu ukurasa wa kuniuliza kama natoka jamii ya Kiprotestanti, ya Kikatoliki, au si mojawapo. Sheria inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 10 aweke kumbukumbu hizo, na ilitungwa kwa nia njema, ili Wakatoliki wasinyimwe kazi kama zamani. Asipojibu mtu, mwajiri anaruhusiwa kukisia kwa kuangalia shule aliyosoma. Nilisoma shule ya msingi ya masista, na mimi ni Muislamu. Sijui waliniandika nini. Wenyeji wana utani wao wa siku nyingi juu ya mgeni anayejieleza kuwa Myahudi, akaulizwa: sawa, lakini wewe Myahudi wa Kiprotestanti au wa Kikatoliki? Nilicheka niliposimuliwa, na nilipoishika fomu ile nikacheka kidogo zaidi.

Mahakama nazo ziliijaribu ile sentensi. Mwanamke mmoja wa kaskazini aliyejiita Mwayalandi, na ambaye hakuwahi kushika pasipoti ya Uingereza, alimwombea mumewe mgeni kibali cha kuishi akitumia haki zake za Ulaya. Serikali ikamjibu kwamba kisheria yeye ni raia wa Uingereza tangu kuzaliwa, na kama hataki basi aukane uraia huo. Mwaka 2019 baraza la rufaa la uhamiaji likaiunga mkono serikali: makubaliano ya 1998, likasema, hayajabadili sheria ya uraia. Mwaka uliofuata serikali ikalegeza kanuni zake za uhamiaji, lakini sheria yenyewe haikuguswa. Upande wa Dublin nao ulibana mlango wake. Hadi mwaka 2004 mtoto yeyote aliyezaliwa kisiwani, kaskazini au kusini, alikuwa na haki ya uraia wa Ayalandi hata kama wazazi wake ni wageni. Kura ya maoni ya mwaka huo ikaiondoa. Tangu hapo haki ya kuzaliwa ina masharti ya damu au ya ukaazi wa wazazi, na baadhi ya watoto wa wahamiaji waliozaliwa Belfast, wakiwemo wa jamaa zetu, wamo nje ya sentensi ile iliyosema "watu wote".

Kisha ukaja mwaka 2016. Uingereza ilipiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Kaskazini asilimia 55.8 walitaka kubaki. Mpaka wenye urefu wa takriban kilomita 500 na vivuko zaidi ya 200, ambao ulikuwa umefifia hadi kuwa mabadiliko tu ya rangi ya mstari wa barabara, ghafla ukawa mpaka wa nje wa soko la Ulaya. Forodha lazima iwekwe mahali. Ikiwekwa ardhini, Uayalandi wa kaskazini unakatwa kutoka kusini. Ikiwekwa baharini kati ya Belfast na Uskoti, Ubritania wa kaskazini unakatwa kutoka kwa dola yake. Iliwekwa baharini, kuanzia Januari 2021. Kwa hiyo wana-Muungano wa chama kikubwa wakasusia serikali kuanzia Februari 2022 hadi Februari 2024. Uchumi wa jambo hilo unaweza kujadiliwa. Kilichouma ni kwamba soseji kutoka Uskoti ilihitaji karatasi, na nchi ambayo chakula chake kinahitaji karatasi kuingia kwako si nchi yako kikamilifu. Wakati huohuo idadi ya wakazi wa kaskazini wenye pasipoti ya Ayalandi ilipanda kutoka watu wapatao 375,800 mwaka 2011 hadi 614,300 mwaka 2021, na si kila aliyeichukua alikuwa mzalendo. Wengine walitaka tu mstari mfupi kwenye uwanja wa ndege wa Uhispania.

Sensa ya mwaka 2021 ndiyo iliyotimiza hofu ya mwaka 1920. Wenye asili ya Kikatoliki walikuwa asilimia 45.7, wa Kiprotestanti na Wakristo wengine asilimia 43.5. Hesabu iliyochorewa mpaka imepinduka ndani ya mpaka wake uleule. Mwaka 2022 Sinn Féin ikaongoza uchaguzi kwa viti 27 kati ya 90, na tarehe 3 Februari 2024 Michelle O'Neill akawa mzalendo wa kwanza kushika kiti cha Waziri Kiongozi katika nchi iliyoundwa ili jambo hilo lisitokee. Walioshangilia na waliohuzunika, nadhani, walisoma mstari mmoja tu wa jedwali. Sensa iyo hiyo iliuliza pia utambulisho: waliojiita Wabritania peke yake asilimia 31.9, Waayalandi peke yake 29.1, na waliojiita watu wa Ayalandi Kaskazini peke yake 19.8. Mkatoliki si lazima awe mzalendo kama ambavyo Casement alikuwa Mprotestanti na hakuwa mwana-Muungano. Hakuna kambi yenye wingi. Watakaoamua ni wale ambao fomu huwaandika "wengine".

Na watakachoulizwa ni nini? Sheria ya mwaka 1998 inasema waziri wa London lazima aitishe kura ya maoni endapo itaonekana kwake kwamba walio wengi huenda wakataka Ayalandi moja. Haimwambii atazame nini ili aone hivyo: sensa, chaguzi, au kura za maoni za magazeti. Kura moja ikipita, nyingine haiwezi kupigwa kabla ya miaka saba. Kura moja zaidi ya nusu inatosha kuihamisha nchi, na kusini lazima nao waridhie. Umoja wa Ulaya umekwisha kusema tangu mwaka 2017 kwamba kisiwa kikiungana, kaskazini itaingia moja kwa moja. Sensa inampa mtu nafasi ya kujiita Mbritania, Mwayalandi, wa Kaskazini, au mchanganyiko wowote. Karatasi ya kura itakuwa na visanduku viwili.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa inanikodolea macho, na mwenzetu wa Lubumbashi pale nyuma ameinua mkono tangu nilipomtaja Leopold. Nashukuru kwa kunisikiliza. Tuanze na yeye.